Majani ya mpapai yanapandisha chembe sahani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima dawa za asili

Kila homa ya dengue inapozuka kwenye miji ya pwani, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ushauri huwa ni uleule: chuma majani ya mpapai, twanga, kamua, mpe mgonjwa, chembe sahani, zile za damu zinazoziba majeraha, zitapanda. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo watu huuliza baada ya hapo. Mengi yanahusu mpapai kwa sababu ndio mmea uliopimwa zaidi, lakini hoja zake zinagusa dawa yoyote ya mitishamba inayosemwa inaongeza chembe sahani.

Mgonjwa yuko kitandani sasa hivi na dengue. Nimpe au nisimpe?

Tumelitanguliza swali hili kwa kuwa anayeliuliza hana muda wa kusoma mengine.

La kwanza ni maji. Anywe kidogokidogo mchana kutwa: ORS, madafu, supu, uji mwepesi. Homa ishushwe kwa paracetamol peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki hata kama viungo vinamliza, maana dawa hizo huzuia chembe sahani kufanya kazi na huchubua tumbo. Bahati mbaya ndizo ambazo maduka mengi ya dawa mtaani hukupa upesi ukisema tu "viungo vinauma".

Homa ikishuka kati ya siku ya 3 na ya 7, msishangilie mapema. Hicho ndicho kipindi cha hatari. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, akichoka kupita kiasi au akawa hatulii, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Na majani? Kama ni mtu mzima, ameshakunywa kikombe na hakikumsumbua, hakuna sababu ya kugombana na bibi aliyemtwangia. Mwambieni daktari tu. Mjamzito, mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa ini, na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari wasipewe. Hatari kubwa ninayoiona mimi ni saa zinazopotea watu wakisubiri majani yafanye kazi huku damu inavuja maji ndani ya mwili.

Chembe sahani ni nini hasa, na zikishuka hadi ngapi ndipo kuna tatizo?

Ni vipande vidogo sana vya seli vinavyotengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Mshipa ukichanika, ndizo za kwanza kufika na kuziba. Kila moja huishi siku 7 hadi 10, kwa hiyo mwili unazitengeneza bila kupumzika.

Kwenye karatasi ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, tafuta herufi PLT, ndiyo idadi ya chembe sahani. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita moja ya damu. Mashine nyingi huandika kwa maelfu, kwa hiyo ukiona 38 ujue ni 38,000. Chini ya 150,000 tunasema zimeshuka, lakini mwenye 90,000 anaweza asihisi chochote. Madaktari wengi hutaka angalau 50,000 kabla ya kumpasua mtu. Hofu ya kutokwa damu bila hata kuumia huwa kubwa zinaposhuka chini ya 20,000, na zaidi chini ya 10,000.

Si ndiyo kusema damu imepungua? Rosela na bitiruti hazitoshi?

Hapana. Upungufu wa damu ni upungufu wa hemoglobini, iliyo ndani ya chembe nyekundu. Mtu anaweza kuwa na hemoglobini nzuri kabisa na chembe sahani 15,000. Rosela, bitiruti na mchicha ni vyakula vizuri, viendelee kuliwa, ila havina uhusiano na dengue.

Mbali na dengue, nini kingine hushusha chembe sahani?

Orodha ni ndefu, na ndiyo sababu "dawa ya chembe sahani" ni maneno ya kutilia shaka tangu mwanzo. Malaria huzishusha, tena sana, kwa hiyo mtu wa kwetu mwenye homa na PLT ndogo apimwe malaria kabla hajaitwa mgonjwa wa dengue. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huzishusha. Kichocho cha tumbo kilichokaa miaka, kama kinavyoonekana Kanda ya Ziwa, huvimbisha bandama, nayo bandama huzifungia chembe ndani yake. Zipo dawa zinazozishusha, kwinini ikiwamo. Upo ujauzito. Ipo saratani ya damu. Upo pia ugonjwa unaoitwa ITP, ambapo kinga ya mwili inaziharibu chembe sahani zake yenyewe.

Sasa jiulize: jani moja litatibu vipi bandama iliyovimba, uboho ulioshambuliwa na saratani na kinga iliyokasirika? Anayekuuzia dawa bila kuuliza chanzo hajui anatibu nini.

Majibu yanasema 38,000 lakini mgonjwa anatembea, anacheka, hana hata alama ya damu. Inawezekana?

Inawezekana, na kabla ya kutafuta dawa yoyote rudieni kipimo.

Damu ya FBP huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake kuna kemikali iitwayo EDTA inayoizuia damu isigande. Mchukua damu anatakiwa akigeuze kichupa juu chini polepole, mara nane hadi kumi. Akiwa na foleni ya watu nje akakitupia tu kwenye kibao, damu hushikana vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na mashine hulihesabu fungu zima la chembe kama kitu kimoja au isilihesabu kabisa. Kuna watu pia ambao chembe zao hushikana zikikutana na EDTA yenyewe, hata kichupa kigeuzwe kwa adabu zote. Dawa yake ni kupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini; mafungu yanaonekana pembeni mwa kioo kama makundi ya nukta za zambarau. Kisha damu huchukuliwa upya kwenye kichupa chenye sitreti, kemikali nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Mtu wa namna hii akinywa majani leo, kesho akapimwa na mchukua damu makini zaidi, "atapona" kutoka 38,000 hadi 210,000 kwa siku moja. Na ushuhuda wake utasambaa.

Jirani yangu alikunywa, siku ya pili zikapanda kutoka 40,000 hadi 110,000. Huo si ushahidi?

Ni tukio la kweli. Ushahidi bado.

Dengue ina ratiba yake. Homa huja siku za mwanzo, chembe sahani hushuka, zinafika chini kabisa karibu na wakati homa inapoondoka, halafu ndani ya siku mbili tatu zinapanda zenyewe kwa wagonjwa walio wengi mno. Uboho uliokuwa umezubaishwa na virusi unaamka na kufidia. Sasa angalia familia inatafuta majani lini: siku ya kwanza watu wanadhani ni malaria. Siku ya tatu wanapima. Siku ya tano majibu yanatisha, ndugu wanapigiana simu, mtu anakwenda kwa jirani mwenye mpapai. Majani yanafika chembe zikiwa ziko chini kabisa, mahali ambapo hazina pa kwenda ila juu. Wahenga walishasema likiwika lisiwike kutakucha.

Halafu kuna habari usizozisikia. Aliyekunywa akafa hana wa kumsimulia, na aliyepona bila kunywa haandiki popote kwamba alipona bila kunywa. Samunge, Loliondo, mwaka 2011, maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Shuhuda zilikimbia kuliko kipimo chochote cha maabara.

Njia pekee ya kujua kama ni jani au ni ratiba ya ugonjwa ni kuwa na watu wengine walioumwa vivyo hivyo, siku zilezile, wasiopewa jani.

Kwani utafiti wa namna hiyo haujafanyika?

Umefanyika, zaidi Asia Kusini na Kusini Mashariki. Hatua zake zinafaa kufuatwa moja moja.

Mwaka 2011 watafiti wa Pakistan walichapisha habari za mgonjwa mmoja, mwanamume wa miaka 45. Alipewa mililita 25 za maji ya majani ya mpapai mara mbili kwa siku, siku tano. Chembe zikatoka 55,000 hadi 168,000. Mtu mmoja, hakuna wa kulinganisha naye. Kama taarifa ya kuamsha maswali inafaa. Ila ndiyo inayonukuliwa zaidi mitandaoni kana kwamba ni hukumu ya mahakama.

Mwaka 2013 ukaja utafiti wa Malaysia, wenye uzito zaidi: wagonjwa 228 wa dengue waliogawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu ya kawaida ya hospitali, na kundi moja likaongezewa juisi ya gramu 50 za majani mabichi mara moja kwa siku kwa siku tatu. Waliokunywa chembe zao zilipanda zaidi. Watafiti hao walipima pia utendaji wa jeni zinazohusika na chembe sahani wakaona tofauti. Kasoro yake ni kwamba kila mtu alijua nani anakunywa nini. Wasiokunywa juisi hawakupewa kitu cha kufanana nayo. India nayo ikafuata na tafiti za vidonge vya mpapai zilizohusisha mamia ya wagonjwa, na nyingi zilionyesha chembe kupanda mapema kuliko kwa wasiotumia.

Kwa hiyo tukisema "hakuna utafiti wowote" tunadanganya, na tukisema "imethibitishwa" tunadanganya pia. Kilichoonekana ni namba kupanda haraka kidogo, katika tafiti ambazo ubora wake si wa kuegemea moja kwa moja. Kwamba mpapai unapunguza vifo au kutokwa damu, hilo halijaonyeshwa.

Namba ikipanda, si ndicho tunachotaka?

Hapa ndipo wengi, wakiwamo baadhi ya wahudumu wa afya, tunapoteleza.

Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Singapore na Malaysia. Wagonjwa wazima 372 wa dengue, chembe sahani zao zikiwa 20,000 au pungufu, bila kutokwa damu nyingi, waligawanywa kwa kura: wengine wakaongezewa chembe sahani zenyewe kutoka kwa wachangiaji damu, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Walioongezewa hawakupata nafuu ya kutokwa damu kuliko wenzao. Walichopata zaidi ni madhara ya kuongezewa damu.

Itafakari hiyo. Kama kumwekea mtu chembe sahani halisi kwenye mshipa hakukumkinga na kutokwa damu, basi jani linalopandisha namba kwa siku moja mapema linatakiwa lionyeshe faida nyingine kabla hatujaliita dawa. Kinachoua katika dengue kali ni maji ya damu kuvuja nje ya mishipa na shinikizo la damu kuanguka. PLT ni dalili inayosomwa pamoja na hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu), mkojo na mapigo. Haisomwi peke yake kama bei ya sokoni.

Hivi haiwezekani kumaliza mjadala kwa panya tu?

Panya wameshatumika. Hupewa dawa ya kudhoofisha uboho, kama saiklofosfamidi, kisha dondoo la mmea, na chembe zao huhesabiwa. Hatua hii inasaidia kuchuja mimea isiyo na lolote, na zaidi kujua sumu: ini, figo, kiasi gani kinaua. Lakini panya aliyedhoofishwa uboho hana dengue, na hana ITP. Majibu yake yanakupa ruhusa ya kuuliza swali kwa binadamu, hayajibu swali.

Utafiti mzuri ungefanywaje hapa kwetu?

Kwanza mmea wenyewe ujulikane. Tawi lake lihifadhiwe kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ili mtu wa kesho ajue ni mmea gani hasa uliotumika. Majani yachumwe eneo moja, umri mmoja, yakaushwe kwa namna moja, na kila fungu lipimwe kiasi cha kemikali fulani inayotambulisha mmea. Kwa mpapai kapaini ni mojawapo. Bila hivyo "gramu 50" za Kibaha na "gramu 50" za Tanga ni dawa mbili tofauti zenye jina moja. Yapimwe pia vimelea, viuatilifu na metali nzito, maana mipapai mingi ya mjini imeota kando ya mitaro.

Pili, wagonjwa. Dengue ithibitishwe kwa kipimo, malaria iondolewe, na waingizwe mapema, tuseme kabla ya siku ya nne ya homa, huku siku ya ugonjwa ikiandikwa kwa kila mmoja. Ukichanganya wa siku ya tatu na wa siku ya sita umeshaharibu. Wagawanywe kwa kura. Daktari asichague nani apate, kwa sababu bila kujua atampa yule anayemwonea huruma au yule anayeonekana atapona.

Tatu, kitu cha kufananishia. Hapa pana kazi kweli. Maji ya majani ya mpapai ni machungu kiasi kwamba hakuna mtu mzima atakayedanganyika kwa maji ya rangi ya kijani. Ukitafuta uchungu kwenye mwarobaini umempa mgonjwa dawa nyingine. Njia nyepesi ni kukausha dondoo na kulitia kwenye kapsuli zinazofanana na kapsuli za unga usio na dawa, hata kama wazee watasema kapsuli si dawa ya asili tena. Malalamiko yao yana mantiki, na ukitaka kuwaridhisha unaweza kuwa na kundi la tatu linalokunywa juisi yenyewe, ilimradi anayesoma majibu ya maabara asijue nani yuko kundi gani.

Nne, kinachohesabiwa. PLT ndiyo, mashine ileile, kila siku saa ileile, na kioo chini ya hadubini pale namba inaposhangaza. Lakini matokeo makuu yawe yale mgonjwa anayoyahisi: ametokwa damu? ameingia kwenye mshtuko? amelala wodini siku ngapi? Vipimo vya ini vifanywe kwa wote, kwa sababu dengue yenyewe huliumiza ini na hatutaki kuliongezea mzigo. Kutokwa damu nyingi si jambo la kila mgonjwa, hivyo watu 60 hawatoshi kuonyesha tofauti, wanahitajika mamia.

Huyo anayepewa kapsuli tupu si mmemtelekeza?

Hapana. Wote wanapata matibabu kamili ya kawaida. Kinachopigiwa kura ni nyongeza ambayo bado hatujui kama inasaidia au inadhuru. Mshiriki anaelezwa hayo kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma.

Nani anatoa ruhusa?

Tanzania Bara, maadili hupitiwa na kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya kuna kamati za maadili, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na Bodi ya Famasia na Sumu. Utafiti unatakiwa usajiliwe hadharani kabla haujaanza, kwa mfano kwenye daftari la majaribio ya tiba la Afrika liitwalo PACTR, ili matokeo mabaya yasifichwe kabatini.

Chupa niliyonunua ina namba ya usajili. Basi inafanya kazi?

Soma ni usajili wa nini. Tanzania, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002, husajili waganga, vituo na dawa. Usajili wa mganga unakuambia anatambulika. Cheti cha Mkemia Mkuu wa Serikali kinaeleza alichokuta kwenye sampuli iliyopelekwa siku ile. Hakuna kati ya hivyo kinachosema kwamba dawa imejaribiwa kwa wagonjwa wa dengue ikashinda kapsuli tupu.

Nina ITP. Kuna unga nilipewa, chembe zikapanda kutoka 12,000 hadi 140,000. Huo nao ni ratiba ya ugonjwa?

Inaweza kuwa, ITP hupanda na kushuka. Ila kuna jambo jingine ambalo ningelichunguza kwanza. Dawa ya kwanza ya hospitali kwa ITP ni steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni, na katika nchi mbalimbali wapimaji wameshakuta steroidi zimechanganywa kwa siri kwenye dawa zinazouzwa kama mitishamba. Kama pamoja na chembe kupanda umeanza kuvimba uso, hamu ya kula imeongezeka na sukari imepanda, peleka huo unga ukapimwe. Usiuache ghafla kabla ya kumwona daktari: steroidi iliyotumika wiki nyingi ikikatwa kwa mara moja mwili huweza kuanguka.

Kitunguu saumu, tangawizi na manjano je?

Kwenye mchuzi, kuleni. Kwa vidonge au kwa vijiko vikubwa kila siku, hapana: vyote vitatu vinaweza kupunguza uwezo wa chembe sahani kushikana, na mwenye chembe chache hana za kuchezea.

Mimi ni mganga, nina mmea wangu wa chembe sahani, si mpapai. Nikiupeleka wataalamu wakaufanyia utafiti, si wataniibia?

Hofu hiyo ina historia yake, sitaibeza. Ndiyo maana usianze na mmea, anza na karatasi. Kabla hujataja jina la mti, mwe na mkataba ulioandikwa: nani mwenye maarifa, nani atatajwa kwenye chapisho, faida ikipatikana inagawanywaje. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo ni mkataba wa kimataifa, inazungumzia hasa mgawanyo huo, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Tanzania, mahali pa kubisha hodi ni Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kenya, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ina kituo chake cha tiba asilia.

Wakati mkataba unaandaliwa, anza daftari. Kila mgonjwa: siku ya ngapi ya ugonjwa, alithibitishwaje, PLT kabla na baada, maabara gani, dawa gani nyingine alikuwa anatumia, na ilikuwaje baadaye. Waandike na waliokufa, na wasiorudi. Mtafiti ataomba daftari hilo kabla hajauliza jina la mti.